Kisu cha shilingi milioni moja: kina thamani hiyo?

Ndugu msikilizaji, na wewe ndugu msomaji unayeyapata mazungumzo haya gazetini, wiki hii tuzungumze juu ya kisu. Si panga, wala si kile kisu cha jikoni cha kumenyea mihogo. Nazungumzia kisu cha kukunja, kile kinachokaa mfukoni, ambacho mwenyewe hukitoa kwa madaha watu wakiwa wamekaa kwenye benchi la duka, akakifungua kwa kidole gumba tu, kikalia "ta!", akachonga kijiti cha meno, kisha akakirudisha mfukoni huku akitazama pembeni kuona nani amemwona.

Swali limeletwa na msikilizaji wetu mmoja wa Mabamba, wilayani Kibondo, kule mpakani ambako ukiendelea mbele kidogo tu unakanyaga ardhi ya Burundi. Ndugu huyu anafuga nyuki. Anasema kuna dereva mmoja anataka kumuuzia kisu kilichoachwa na mgeni aliyekuwa akifanya kazi na wakimbizi. Bei ni shilingi 400,000. Dereva anamwambia kwamba kisu hicho huko Marekani kinauzwa zaidi ya dola 400, yaani zaidi ya shilingi milioni moja za hapa kwetu, kwa hiyo anakipata karibu na bure. Kwenye mpini hakuna pambo lolote, lakini boksi lake limeandikwa jina "Sebenza". Fedha anazo, ni za mauzo ya asali ya msimu mzima. Tatizo ni kwamba mama watoto anazihesabia fedha hizo hizo kwa mabati. Anauliza: je, duniani kuna kisu cha thamani hiyo, au anataka kuibiwa mchana kweupe?

Nitamjibu, lakini kwanza tupite njia ndefu kidogo, maana swali la bei halijibiki mpaka tujue mtu ananunua nini.

Kisu cha kukunja si kitu kigeni katika nchi hii. Mwaka 1902, wakati Kigoma yetu, Burundi na Rwanda zote zilikuwa chini ya Mjerumani, kule Ujerumani walianza kutengeneza kisu cha kukunja kwa ajili ya kuuzwa katika makoloni yao ya Afrika. Wakakipa jina la mnyama wa misitu ya Kongo, okapi, ambaye wataalamu wa Ulaya walikuwa wamemtambua rasmi mwaka mmoja tu kabla, yaani 1901. Mpini wake ni wa mti, una mapambo ya madini yenye umbo la mwezi na nyota, na mgongoni una springi yenye pete. Ukikifungua kinalia kama saa inayotiwa ufunguo. Ili kukifunga unavuta pete. Kisu hiki kilisambaa Afrika, kikavuka bahari mpaka visiwa vya Karibi, na mwaka 1988 utengenezaji wake ukahamia Afrika Kusini. Kwa hiyo mzee akikwambia kwamba alimwona baba yake na kisu cha kukunja akichungia ng'ombe, usifikiri anatunga. Kisu hicho kilitengenezwa makusudi kwa mfuko wa mtu kama baba yake, na kiliuzwa kwa bei ya kumfaa.

Ulaya nako hadithi ni hiyo hiyo. Kile kisu chekundu chenye msalaba mweupe, ambacho wengi mmekiona mikononi mwa watalii kikiwa na kizibuo, bisibisi na mkasi, kilianzia katika karakana ya Karl Elsener, aliyoifungua mwaka 1884 katika kijiji cha Ibach nchini Uswisi. Alikasirika kuona kwamba visu vya askari wa Uswisi vinatengenezwa Ujerumani. Mwaka 1891 akaanza kuliuzia jeshi visu vya kwake, na mwaka 1897 akasajili kile cha maofisa, ambacho ndicho baba wa hivi vyekundu. Jina la kampuni, Victorinox, ni jina la mama yake, Victoria, likaunganishwa na kifupi cha neno la Kifaransa la chuma kisichoshika kutu. Kufikia mwaka 2017 kampuni hiyo ilikuwa imetengeneza visu milioni 500. Ufaransa nako, katika milima ya Savoie, Joseph Opinel alibuni mwaka 1890 kisu cha mpini wa mti kwa ajili ya wakulima na wachungaji. Mwaka 1955 kikaongezewa pete ya kuzungusha shingoni ili ubapa usimfungie mtu vidole. Hadi leo Opinel ya kawaida hainunuliwi kwa zaidi ya dola ishirini na kitu.

Nayataja haya ili tuelewane jambo moja. Visu vyote hivi vitatu vilizaliwa kuwa visu vya askari, wakulima na wachungaji. Hakuna hata kimoja kilichoanza kama kitu cha tajiri.

Sasa tuje kwenye hiki cha dola 400. Huko Marekani kuna aina ya visu inayoitwa visu vya kiwandani vya anasa. Maana yake ni kwamba havitengenezwi na fundi mmoja aliyekaa na nyundo yake, bali vinatoka kiwandani kwa mashine, kwa mamia na maelfu, lakini bei yake inakaribia ile ya kisu kilichofuliwa kwa mkono. Maarufu kupita vyote ni hicho hicho Sebenza. Aliyekianzisha, Chris Reeve, alikuwa fundi wa vifaa vya viwandani kutoka Durban, Afrika Kusini. Mwaka 1989 alihamia Boise, jimbo la Idaho, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 akakitoa kisu hicho. Jina alilitoa nyumbani. Ni neno la Kizulu, "sebenza", maana yake fanya kazi. Kwa hiyo, ndugu yangu wa Mabamba, jina lililo kwenye boksi hilo ni la Kibantu, binamu wa lugha yako na yangu, limekwenda Marekani na kurudi likiwa na bei ya kutisha.

Je, fedha hizo zinakwenda wapi? Zinakwenda sehemu tatu, na ni vizuri kuzitenganisha.

Sehemu ya kwanza ni chuma chenyewe. Kila chuma cha pua ni chuma cha kawaida kilichochanganywa na kaboni, na ukitaka kisishike kutu unaongeza kromiamu kwa wingi, jambo lililoanza kueleweka viwandani baada ya kazi ya Harry Brearley wa Sheffield, Uingereza, mwaka 1913. Ukitaka makali yadumu unaongeza madini mengine kama vanadiamu, ambayo yakikutana na kaboni hufanya chembe ngumu ajabu ndani ya chuma. Shida ni kwamba chuma kikiyeyushwa na kupozwa kwa njia ya kawaida, chembe hizo hujikusanya mabonge. Akina mama wanaosonga ugali wa muhogo wanaelewa ninachosema: unga ambao haukuchekechwa vizuri una vidonge, na ugali wake hauna raha. Basi viwanda vikubwa vimebuni njia ya kuunyunyiza uji wa chuma kwa gesi mpaka unakuwa unga laini, kisha unga huo unashindiliwa kwa joto na nguvu nyingi mpaka unakuwa chuma kimoja. Chembe zinabaki ndogo na zimetawanyika sawasawa. Chuma cha namna hiyo ni ghali. Kimoja kati ya hivyo, kinachoitwa MagnaCut, kilibuniwa na Mmarekani Larrin Thomas na kutolewa mwaka 2021, na katika miaka ya karibuni kimetumika kwenye Sebenza. Ugumu wa chuma hupimwa kwa kipimo cha Rockwell. Kisu chekundu cha Uswisi kina takriban 56, na hivi vya anasa hufika 62 au zaidi. Tofauti hiyo si ya maneno matupu. Kisu cha namba za juu hukata muda mrefu zaidi kabla ya kuhitaji kunolewa.

Sehemu ya pili ni ufundi wa kuunganisha. Mpini wa Sebenza ni wa titani, madini mepesi yasiyoshika kutu hata kwenye maji ya chumvi. Kibanio chake, yaani kile kinachozuia ubapa usijifunge, si kipande cha kupachika. Ni upande mmoja wa mpini wenyewe uliochanwa na kupindwa ndani kidogo, ukisukuma kwa nguvu yake. Ni wazo zuri sana, na viwanda vingi vimeliiga. Vipande vyote vinachongwa kwa vipimo vidogo kuliko unene wa unywele, ndiyo maana ukikifungua hakitikisiki hata chembe na ubapa unateleza kama uliopakwa siagi. Kazi hiyo inafanywa na mafundi wanaolipwa mishahara ya Marekani, na mshahara huo umo ndani ya bei.

Sehemu ya tatu ni jina. Hapa hakuna chuma wala titani. Hapa mtu analipa ili wenzake wajue kwamba amelipa.

Ukiniuliza sehemu hizo zinagawanyaje dola 400, sitakudanganya kwa hesabu. Lakini kuna jambo moja ambalo kila anayetumia visu kwa kazi analijua. Kutoka kisu kibovu cha shilingi elfu chache kwenda kisu kizuri cha kawaida, unapata faida kubwa sana: hakikukati vidole, hakipindi, kinakata. Kutoka kisu kizuri cha kawaida kwenda kile cha dola 100, unapata faida kiasi. Na kutoka hapo kwenda dola 400 unapata faida ambayo inabidi uitafute kwa tochi. Bei imepanda mara nne, lakini muhogo unaokatwa ni ule ule.

Tena basi, tusiseme habari za muhogo kijuujuu. Tukipime kisu hiki kwa kazi za Mabamba yenyewe.

Msikilizaji wetu ni mfuga nyuki. Kazi yake ya kisu ni kukata masega, kukwangua mizinga, kukata kamba na magome. Asali yenyewe si adui wa kisu kisichoshika kutu. Adui ni ile gundi ya nyuki, nyeusi nyeusi, ambayo nyuki huzibia nyufa za mzinga. Gundi hiyo ikiingia kwenye kiungo cha kisu cha kukunja, inaganda humo, na kadiri kiungo kilivyobana vizuri, kwa vipimo vile vya unywele, ndivyo uchafu kidogo unavyotosha kukikwamisha. Sebenza unaweza kuifungua skrubu na kuisafisha, kweli, na hilo ni moja ya mambo mazuri yake. Lakini ni nani anayetaka kufungua skrubu ndogo usiku, juu ya mti, nyuki wakiwa wamekasirika? Kwa kazi ya mzinga, kisu kisichokunja, chenye ubapa mrefu na mpini ulioshikamana, kinakishinda kisu chochote cha kukunja cha bei yoyote. Kiungo ni mahali pa udhaifu siku zote. Kisu cha kukunja kimeumbwa kwa ajili ya kubebeka, si kwa ajili ya nguvu.

Ndizi nazo utomvu wake huchafua na kula visu vya chuma cha kawaida, hivyo hapo chuma cha anasa kinapata alama. Lakini kisu chekundu cha Uswisi nacho hakishiki kutu, na mtu akikausha kisu chake cha kawaida na kukipaka mafuta kidogo, kitamfikisha uzeeni.

Halafu kuna kunoa. Hapa ndipo ninapowaomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu wauzaji hawalisemi. Zile chembe ngumu zinazofanya makali yadumu ndizo hizo hizo zinazokataa kunolewa. Chembe za vanadiamu ni ngumu kuliko jiwe la kawaida. Jiwe la mtoni linalonoa mapanga ya kijiji kizima litateleza juu ya chuma kile, na utanoa mpaka jasho likutoke. Wenyewe huko hutumia vinoo vyenye vumbi la almasi. Kampuni yenyewe hupokea visu vilivyochakaa na kuvinoa, ndiyo, lakini inabidi ukitume Boise. Kutoka Mabamba hadi Kibondo mjini, kutoka Kibondo hadi posta kubwa, kisha ndege. Kisu kisichokunjuka ubutu wake hapa nyumbani si mali, ni mgeni.

Sasa linganisha na mhunzi. Katika masoko yetu ya nyanda za juu za Kigoma bado wapo watu wanaochukua springi za gari zilizovunjika, wakazipasha kwa mkaa na mivukuto, wakazifua kuwa mapanga na visu. Springi ya gari si takataka. Ni chuma cha pua kilichotengenezwa kustahimili kupindwa mara maelfu bila kuvunjika. Mhunzi anayejua kazi yake akishaufua ubapa huupasha tena mpaka wekundu, akauchovya kwenye mafuta au maji uwe mgumu, kisha akaurudisha kwenye moto hafifu ili upungue ukali wa ugumu, usije ukakatika kama chupa. Hatua hii ya mwisho ndiyo mafundi wavivu huiruka. Kisu kilichopita hatua zote mbili kitamenya mihogo tangu asubuhi hadi jioni, na kikipoteza makali utayarudisha kwa kinoo kabla maji ya ugali hayajachemka. Ukikivunja, mhunzi yuko pale pale sokoni, unamlalamikia uso kwa uso.

Na tusidharau ufundi huo kwa kuwa unafanyika juu ya majivu. Jirani zetu wa Kagera, Wahaya, walikuwa wakiyeyusha chuma zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Mwaka 1978 wataalamu Peter Schmidt na Donald Avery waliandika katika jarida la Science kwamba tanuri za kale za watu hao zilitumia mabomba ya udongo yaliyoingia ndani ya moto, kiasi kwamba hewa ya mivukuto ilipashwa joto kabla ya kuufikia mkaa. Waliyajua hayo kwa kuwaomba wazee wa huko wajenge tanuri na kuyeyusha tena kwa njia ya mababu. Wafipa nao, kusini mwetu, walijenga tanuri ndefu kupita urefu wa mtu ambazo zilivuta hewa zenyewe bila mivukuto.

Lakini nisije nikaeleweka kwamba anasa ni ugonjwa wa Wazungu peke yao. La hasha. Watawala wa Karagwe, wale waliompokea Speke mwaka 1861, walihifadhi katika makao yao ya Bweranyange ng'ombe wadogo waliofuliwa kwa chuma. Ng'ombe wa chuma hakamuliwi. Mhunzi aliyewafua angeweza kufua majembe kadhaa kwa chuma kile. Alifua ng'ombe kwa sababu mfalme alitaka watu waone utawala wake, na kwa kweli ukitazama kazi ile leo huwezi kusema alipoteza muda. Kuna vitu ambavyo binadamu hununua kwa macho na moyo, na hakuna dhambi katika hilo, ilimradi aliyelipa ajue amelipia nini na aliyeumia asiwe mwingine.

Maana mara nyingine huumia mwingine. Mnajua jambia, kile kisu kilichopinda wanachovaa wanaume wa Yemen kiunoni, ndugu yake khanjari ya Oman inayojulikana Zanzibar na iliyomo hata kwenye bendera ya Oman. Katika miaka ya 1970 wanaume wengi wa Yemen ya Kaskazini walikwenda kufanya kazi Saudi Arabia, wakarudi na fedha za mafuta. Kila mmoja akataka jambia la heshima, na jambia la heshima kuliko yote lilikuwa lenye mpini wa pembe ya faru. Ubapa ulikuwa ule ule. Kilichopandisha bei ni mpini. Pembe hizo zilitoka wapi? Nyingi zilitoka kwetu, Afrika Mashariki. Faru weusi wa bara zima walikuwa takriban 65,000 mwaka 1970; kufikia katikati ya miaka ya 1990 walikuwa hawafiki 2,500. Yemen ya Kaskazini ilipiga marufuku kuingiza pembe mwaka 1982, na mtafiti Esmond Bradley Martin, aliyeishi Nairobi hadi alipouawa mwaka 2018, alitumia miaka mingi kwenda katika masoko ya Sanaa kuwashawishi mafundi watumie pembe ya nyati wa maji badala yake. Leo faru weusi wamepanda tena kupita 6,000. Pembe nyingine za wanyama hao zilikwenda Asia ya Mashariki kwa ajili ya dawa, sisemi kwamba jambia peke yake ndilo lililowamaliza. Nasema tu kwamba mpini wa kisu, kitu kisichokata chochote, uliweza kuchangia kumaliza mnyama mzima katika pori la nchi nyingine.

Sebenza ya titani haijaua faru. Hilo tulikubali kwa niaba yake.

Turudi kwa dereva na shilingi zake 400,000. Hoja yake ni kwamba kisu kinauzwa milioni moja Marekani, kwa hiyo ukikinunua kwa 400,000 umepata faida ya 600,000. Hoja hii inasikika vizuri, lakini ina tundu. Ni kweli kwamba visu hivi huko kwao havishuki bei sana, kwa sababu wapo wakusanyaji wanaovinunua vikiwa vimetumika. Lakini thamani ya kitu iko pale alipo mnunuzi. Mnunuzi wa Boise haji gulioni Mabamba. Siku mtoto atakapougua na ndugu yetu akahitaji fedha, atamuuzia nani? Atapita na kisu mkononi kutoka duka hadi duka, na kila mtu atakishika, atakifungua "ta!", atakisifia, na atatoa bei ya kisu cha kawaida. Mabati yanauzika. Mbuzi anauzika. Hata mzinga wenye nyuki unauzika.

Pili, ni nani amethibitisha kwamba ni chenyewe? Visu hivi vinaigwa sana. Kuna vya bandia vinavyofanana na halisi hadi herufi za jina, na boksi la bandia ni rahisi kulitengeneza kuliko kisu cha bandia. Ziko njia chache za kupima. Chukua sumaku, hata ile ya spika ya redio mbovu, uisogeze kwenye mpini: titani hainaswi na sumaku, kwa hiyo ikinata, mpini si titani na mazungumzo yameisha. Isiponata, bado hujathibitisha, kwa kuwa hata waigaji wazuri hutumia titani, na vipo vyuma visivyoshika kutu ambavyo sumaku haivigusi. Kwa hiyo sumaku inaweza kukuambia hapana, haiwezi kukuambia ndiyo.

Tatu, na hili nalisema kwa upole: kimeachwa, au kimechukuliwa? Mgeni anayejua bei ya kisu chake hakiachi kwenye gari kwa urahisi. Inawezekana alimpa dereva kama zawadi ya kuagana, watu hufanya hivyo. Lakini mnunuzi ana haki ya kuuliza, na dereva mwaminifu hatakasirika kuulizwa.

Kwa hiyo jibu langu, ndugu, ni hili. Kisu hicho kikiwa halisi, ni kisu bora. Kwa mtu mwenye mshahara wa Idaho, anayekitumia kila siku kwa miaka ishirini, aliye na kinoo cha almasi nyumbani na kampuni iliyo karibu, sitamcheka akikinunua. Amenunua ufundi wa kweli na amenunua furaha kidogo juu yake. Kwa mfuga nyuki wa Mabamba mwenye fedha za msimu mmoja na nyumba inayovuja, kisu hicho hakina thamani ya shilingi 400,000, wala hata nusu yake. Mpe mama watoto mabati yake. Kitakachobaki, nenda kwa mhunzi ukaagize kisu cha mzinga kwa urefu unaoutaka wewe.

Na kama bado moyo unataka cha kukunja cha mfukoni, kinunue, lakini usikimbilie kile cha bei ya chini kabisa kinachoning'inia kwenye kadibodi. Hapo ndipo penye wizi wa kweli, kwa sababu kisu cha kukunja kibovu hakikupotezei fedha tu, kinaweza kukupotezea kidole, na kituo cha afya kiko mbali. Kifungue ukiwa bado dukani. Shika ubapa kwa ncha za vidole ukiutikisa kushoto na kulia. Ukicheza, ribiti yake ni dhaifu. Kisha geuza kisu, gongesha mgongo wa ubapa kwenye ukingo wa meza, taratibu, vidole vikiwa mbali na njia ya makali. Kibanio kikiachia kwa kugongwa hivyo, kitaachia pia siku unapochoma kitu kigumu, na ubapa utakuja juu ya vidole vyako. Mwenye duka akikukataza kupima, kiache kwake. Tazama pia kama makali yanalala katikati ya mpini kisu kinapofungwa, maana kinachogusa upande mmoja kitajila chenyewe kila siku mfukoni.

Ukishakipata kizuri, kinoe kidogo kidogo na mara kwa mara, usisubiri kiwe butu kama kijiko. Kiunoni mwa kinoo laza ubapa karibu ulale, uinue mgongo kiasi cha kupitisha shilingi mbili tatu zilizopangwa, usukume kama unayekata jiwe kipande chembamba. Kiungo kioshe kwa maji ya moto ukishatoka kwenye mizinga, kikauke juani, kisha tia mafuta. Mafuta ya kula hayafai, yanaganda na kuvuta vumbi. Ya cherehani ndiyo, na tone moja linatosha.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya majembe, na kwa nini mengine yanapinda kabla ya msimu kwisha.